Muulize Mayai

Akikuonyesha kifaranga, muulize mayai. Mmenisikia leo nikimjibu hivyo yule fundi aliyejisifia paa moja tu, mkataka kujua msemo umetoka wapi. Mimi nilipewa na shangazi yangu Righa, tukichambua maharagwe, juma lile nililoacha shule nikiwa darasa la nne. Ulianza hivi.

Huko milimani aliishi mfuga kuku, Mama Wakesho, mwenye mabinti wawili. Wakesho, yule mkubwa, aliujua mpira wa magongo kuliko wavulana. Akiwa na miaka kumi na minne, Bwana Mwakio, mteuzi wa timu ya kulipwa ya mjini, alimtoa shule akaenda naye. Miaka mitatu mtoto alikalia benchi, hakufundishwa mchezo wala kusomeshwa, kisha akaambiwa hana moyo wa mchezo, akarudishwa na gongo lake. Kijiji kikasema ni mvivu. Sikilizeni ubaya huo: naye akasadiki. Tangu arudi hakupata usingizi wa maana.

Ndipo Mwakio akaja tena, sasa anamtaka mdogo, Mghoi, wa darasa la saba. Akakunjua gazeti lenye picha ya msichana mbele ya majirani.

"Mnamwona Samba? Nilimchagua mimi, mwaka ule ule wa Wakesho. Leo ni nahodha. Jicho langu halikosei."

Wakapiga makofi. Chifu akasema, "Mama, usimzibie mtoto riziki."

Mama Wakesho alikuwa akimtilia kuku mayai ya kuatamia. Hakuinuka.

"Bwana Mwakio, mwaka huo ulichukua wasichana wangapi?"

Mwakio akakuna shingo. "Kama kumi na wanne."

"Wanaocheza leo?"

"Si ni huyu Samba."

"Na kumi na watatu?"

"Mama, wengine hawana moyo wa mchezo. Niliwaambia wenyewe."

"Yai moja likiwa viza, nalilaumu yai. Kumi na matatu yakiwa viza, namtazama kuku. Umewatoa shule watoto wa watu kumi na wanne, unatuletea picha moja tupige makofi. Kuku wangu akifanya hivyo, simwekei mayai mengine."

"Unamwekea nini?" jirani mmoja akauliza.

"Sufuria."

Hakuna aliyepiga makofi tena. Chifu akatazama viatu vyake. Mwakio akakunja gazeti, akashika njia peke yake.

Wakesho alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Kumbe na wenzangu waliambiwa hawana moyo," akasema taratibu.

"Wote, mwanangu. Neno lile lile."

Jua lilikuwa bado juu. Wakesho akatandika mkeka kivulini, akajinyoosha. Mghoi akarudi kwenye daftari lake.

"Nawe ukikua," mama akamwambia, "mtu akikuonyesha kifaranga, muulize mayai."

Mghoi akageuka amwambie dada yake. Dada yake alikuwa amekwisha kulala.