Uyoga Uliovaa Chungu Mguuni

Hii nayo mnanidai kila mvua ikianza, kana kwamba sina maharage ya kuchambua. Mwaka jana niliwasimulia, nusu yenu mkasinzia. Haya, kaeni. Na wewe acha kuchokoa pua, hadithi haiko humo.

Enzi hizo uyoga wote wa miombo ya Mbozi ulikuwa uchi. Kofia na mguu, basi. Haukuwapo uliovaa nguo shingoni, wala wenye madoa kichwani, wala ulioficha mguu wake udongoni. Na wote ulilika. Mtu aliuvunja akipita, akautupa kikapuni bila kuutazama mara mbili. Mvua zilipoanza na maghala yamebaki na panya tu, uyoga ndio uliovusha watu.

Katika watu hao alikuwamo Nachalwe, mama asiyejua kutulia. Alikuwa na kichuguu chake msituni, na uyoga wa hapo ulikuwa mnene, mweupe kama unga wa muhogo. Hakumwonyesha mtu. Wenzake kisimani walimtania, "Nachalwe, wako unauotesha kwa mate?" Alicheka nao, lakini akichota maji anawaza kichuguu, akisaga anawaza kichuguu. Ataacha unga juu ya jiwe, aende achungulie, arudi, aende tena.

Siku moja akakuta vishina vimevunjwa. Kuna mtu amepajua. Hapo ndipo akili ilipomruka. Alitwanga utupa, ule tunaolewesha nao samaki, akauchanganya na mizizi ambayo sitawatajia, maana nawajua nyinyi. Akautia kwenye chungu kidogo, akamwagilia kila uyoga mguuni, chungu akakiacha palepale. Hakutaka kuua. Alitaka mwizi aharishe, aone haya, akome. Hivyo ndivyo alivyojiambia njia nzima.

Sasa, desturi ya huko ilikuwa hivi: mke mpya hakuwa na jiko lake. Alikula kwa mama mkwe mpaka mvua zianze, ndipo ampikie mkwewe uyoga alioutafuta mwenyewe, akitangulia kuuonja mbele yake. Mkwe akila, bibi arusi anapewa moto wake. Mwanawe Nachalwe, Silwamba, alikuwa ameoa mwaka ule binti aitwaye Namonje. Binti alitaka kumpendeza mkwewe kwa uyoga anaoupenda kuliko wote, basi alikuwa amemfuata kwa mbali akapajua kichuguuni.

Akaja na bakuli, amepiga magoti. "Mama, leo nipe moto wangu. Nimechoka kusikia unavyokoroma."

Nachalwe akafunua. Akautambua uyoga wake hapohapo.

"Umeutoa wapi?"

"Msitu hauna mlango, mama," Namonje akacheka, akamega tonge.

Neno moja tu lilitakiwa. Nachalwe alilihisi limekaa kooni kama mwiba wa samaki. Akilitoa, kijiji kizima kitajua alichomwaga kule. Tonge likaingia mchuzini. Likaingia kinywani. Namonje akatafuna, akamega jingine, maana ulikuwa mtamu.

"Mimi leo tumbo halinikai vizuri," Nachalwe akasema. "Moto nitakupa."

Kesho yake Namonje alianza kutapika, akatapika mpaka hakuna tena cha kutoka. Mama yake, Namwinga, akaitwa. "Mama Silwamba, mtoto amekula nini?"

"Nitajuaje? Watoto wa siku hizi wanakula njiani."

Nachalwe hakukaa. Aliingia, alitoka, alikoroga uji usiohitaji kukorogwa. Kisha Namonje akaketi, akaomba uji, hata akamtania mumewe. Nachalwe akashusha pumzi, akalimeza lile neno moja kwa moja. Hakujua kwamba sumu imekaa chini kupumzika tu. Macho ya binti yakawa ya njano, na kabla msiba haujatarajiwa, ukawa umefika.

Wakati wanawake wanasaga unga wa waombolezaji, Nachalwe akakumbuka chungu. Aliinuka na mikono yake ya unga, akajishika kichwa, akapandisha nguo mpaka shingoni ili miguu ipate nafasi, akakimbia. Namwinga alimwona. Nani anakimbia matanga? Akamfuata na wenzake.

Walimkuta kichuguuni anakanyaga chungu akivunje. Hakikuvunjika. Mguu ulizama ndani, ukakwama.

"Mama Silwamba, msiba uko kule. Huku unatafuta nini?" Namwinga akainama, akanusa. Utupa anaujua kila mtu.

"Nilitaka aharishe tu!"

"Basi simama hapo hapo mpaka mwanangu arudi."

Na udongo uliokunywa sumu yake ukamnywa na yeye mpaka kwenye kifundo. Akanywea, akageuka uyoga, mweupe mpaka chini ya kofia, kama mtu aliyeshtuka asitulie tena.

Na tangu siku hiyo yumo msituni, mzuri kuliko wenzake wote. Madoa ya kichwani ni unga ule, lakini mvua kubwa humwosha. Ile ya shingoni ni nguo yake, lakini huchanika ikapotea. Chungu ndicho hakitoki. Wapo ndugu zake wenye vyungu ambao huliwa na watu wanaowajua tangu kuzaliwa. Nyinyi hamuwajui, waacheni. Ndiyo maana hatuvunji uyoga tena, tunachimba mguu wote.

Wa kwanza kumchimba alikuwa Silwamba, mwanawe. Alifukua udongo taratibu kwa ncha ya jembe, akaona chungu, akawaita watoto wa kijiji waje wamtazame mama yake mguu. Hayo ndiyo malipo yake: kila mvua anafukuliwa, anaviringishwa, anachunguliwa chini ya nguo, na mtoto ambaye hata meno hajamaliza kuota ndiye anayesema, "Huyu, hapana," kisha anamwacha amelala chali juani.