Mwalimu wa Kwaya na Uzio Mtupu

"Arukaye kwa macho ya watu hushuka wakiondoka." Hayo ndiyo maneno mliyoyasikia kwa shangazi yenu asubuhi hii, mkacheka, kisha mkataka kujua yalikotoka. Kaeni wima, wajukuu zangu. Asili yake ni hii.

Katika mji mmoja chini ya mlima aliishi mwalimu wa kwaya aitwaye Anaeli, mtu mzima mwenye shamba la kahawa na jina safi. Nje ya mji palikuwa na kiwanja kidogo cha ndege, ambapo Bi. Zulfa aliwafunza urubani watu waliotaka kuruka kwa kujifurahisha tu, si kwa ajira. Anaeli akaingiwa na hamu. Lakini kabla ya kuulizia lolote, alisimama kanisani wakati wa matangazo, akasema, "Wapendwa, mniombee. Nakwenda kujifunza kurusha ndege."

Vigelegele vikatikisa dari. Tangu siku ile hakuitwa tena Anaeli; aliitwa Rubani. Wanakwaya wakamtungia wimbo, naye akajinunulia koti la ngozi.

Desturi ya Bi. Zulfa ilikuwa kumpandisha mgeni angani safari moja tu, kisha kumwacha aamue kama ataanza masomo. Jumamosi ya Anaeli ilipofika, kwaya nzima ilijipanga penye uzio, imevaa sare. Lakini ukungu ulikuwa umekilalia kiwanja. Wakaimba, wakangoja, wakaimba tena. Mwishowe wakakumbuka kwamba kulikuwa na harusi ya kuimbia, wakaondoka.

Hawajafika mbali, ukungu ukainuka, mlima ukasimama wazi.

"Haya, Mwalimu, panda," akasema Bi. Zulfa.

Anaeli akautazama uzio. Mtupu. Hakupanda.

"Tungengoja Jumamosi ijayo, wapate kuniona?"

"Twaweza kungoja. Ila masomo yangu huanza alfajiri, upepo ungali umelala. Mwaka mzima watakaokuona ni mimi na ng'ombe wa bondeni. Bado wataka?"

Anaeli akaupekua moyo wake kama mtu apekuaye mfuko uliotoboka. Ile hamu aliyokuja nayo hakuikuta. Tena alijua kwamba akirudi bila kuruka, jina alilolilea miaka mingi litakuwa mzaha. Njia ya kuliokoa ilikuwa nyepesi: apande leo tu, kisha asingizie maumivu ya magoti, asianze masomo. Akavua koti.

"Bi. Zulfa, ningekudanganya wewe, nikawadanganya na wao. Sikutaka kuruka. Nilitaka kutazamwa."

"Wengi hulijua hilo wakiwa angani," akajibu Bi. Zulfa, "nao huwa hawasemi."

Kesho yake, nje ya kanisa, Barakaeli mwenye bucha akamlaki kwa sauti kuu: "Rubani! Mbona viatu vina vumbi letu hili hili? Mawingu yana ladha gani?"

Watu wakaangua kicheko, wakamngoja. Angeweza kuusingizia ukungu. Hakuusingizia.

"Arukaye kwa macho ya watu hushuka wakiondoka," akasema Anaeli. "Nanyi mlipoondoka, mimi nilishuka kabla sijapanda."

Kicheko kikakatika. Barakaeli akampa mkono, akasema taratibu, "Karibu nyumbani, Anaeli."

Jina la Rubani halikutajwa tena. Basi, wajukuu zangu, hamu ikiwajia, kabla hamjaitangaza, jiulizeni kama ingekuwapo uzio ukiwa mtupu. Kwani arukaye kwa macho ya watu hushuka wakiondoka.