Vijiko Saba vya Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, mabirika na majirani wa kuwanung'unikia, siku ya Jumanne, saa kumi na robo alasiri, Daktari Korongo aliinama ukingoni mwa mto akautazama mguu wa Mzee Kiboko. Akatikisa kichwa.

"Kidonda hiki hakiponi kwa sababu ya sukari, mzee. Unakunywa chai ya vijiko vingapi?"

"Saba," akajibu Kiboko kwa fahari.

"Saba! Mwezi ujao nikikikuta bado hivi, mguu huu nitaukata."

Kiboko akacheka, ho! ho! ho! hadi maji yakaruka. "Chai isiyo na sukari ni maji ya kuoshea sufuria. Nenda zako, daktari!"

Lakini Kindi, aliyekuwa akichochea moto pembeni, hakucheka. Mwaka wa mafuriko, Kiboko ndiye aliyemvusha mgongoni, na tangu hapo Kindi ndiye aliyempikia chai. Atamvusha nani tena kwa mguu uliokatwa?

Sasa sikilizeni, wanangu. Kule mtoni palikuwa na desturi. Kuitazama sukari yako ikitiwa kikombeni kulikuwa ni ulafi. Muungwana alifumba macho, akahesabu kwa masikio. Na Mzee Kiboko alikuwa muungwana hasa: alizama majini, akabakiza masikio mawili tu nje.

Kesho yake Kindi akatia tangawizi kidogo birikani, kisha akachota sukari kwenye kopo. Kwaru! Ting! Kwaru! Ting! Mara sita akatia sukari. Mara ya saba akakwaruza kopo, akagonga kikombe kwa kijiko kitupu. Ting!

"Saba," akasema Kiboko. Akanywa.



"We binti! Chai ya leo ina nini?"

"Ni... ni tangawizi, mjomba."

"Mbona uliificha siku zote? Ongeza!"

Kindi akaongeza tangawizi. Kila baada ya siku tano alipunguza kijiko kimoja cha sukari, akaongeza iliki, halafu mdalasini. Kila alasiri alihesabu mara tatu kabla ya kuchota, asije akakosea. Ilipotimia siku ya thelathini, kijiko kimoja kilikuwa na sukari na sita vilikuwa kelele tupu. Korongo alikuja kila asubuhi kuosha kidonda, na kila asubuhi alikuwa akiguna, "Mh! Ajabu."

Siku ya thelathini na moja, Nyati, jirani wa juu kilimani, akawaalika. Kiboko akatangulia, Kindi nyuma yake mbio mbio. Wakakaa. Kiboko akafumba macho. Nyati akachota vijiko saba, vyote vimejaa pomoni.

Kiboko akapiga funda moja.

"Ptuuu! Nyati! Umenipikia chai au umekamua shamba zima la miwa?"

"Mgeni gani huyu!" Nyati akafoka. "Vijiko saba, kama unavyokunywa kwako! Hukusikia?"

"Nimesikia saba. Na kwangu husikia..."

Kiboko akafumbua jicho moja. Akamtafuta Kindi. Kindi alikwisha kuwa juu ya paa.

"KINDI! Umenidanganya siku thelathini!"

"Ishirini na tisa, mjomba. Ya kwanza ilikuwa ya daktari, na ya leo ni ya Nyati."

"Shuka nikukanyage!"

"Nitashuka. Lakini niambie kwanza, umepandaje kilima hiki?"

"Kwa miguu, mpumbavu we!"

"Mingapi?"

Mwezi uliopita Kiboko alikuwa hawezi kutoka majini bila kuguna. Akautazama mguu wake. Kidonda kilikuwa kimekauka, kimebaki kijigamba kidogo kama ganda la njugu.

Nyati akaangua kicheko. "Kadudu kamemchezea mkubwa!"

"Na wewe nyamaza, utaoza meno!" Kiboko akainuka, akateremka kilima bila kuaga, kwa miguu minne, tif! tif! tif!

Kindi hakujua kama bado ana mjomba au hana.

Asubuhi yake, hakungoja alasiri. Alibandika birika, akatia tangawizi, akateremka mtoni na kopo la sukari. Yale masikio mawili yalikuwa nje.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Leo fumbua macho."

"Niitazame sukari yangu kama mlafi?"

"Itazame."

Macho mawili makubwa yakaibuka juu ya maji. Kindi akachota kijiko kimoja wazi mbele yake, akakitia, ting! Kisha akalifunga kopo. Kiboko akanywa hadi tone la mwisho.

Basi jueni, wanangu: ulimi nao hufundishika, ukipewa muda wa kusahau.