Mama Aliyepumzishwa

Huko milimani alikuwako mama mmoja, mjane wa miaka sabini na mbili, mwenye watoto wanne waliompenda. Shikeni neno hilo, wapendwa: waliompenda. Mfano huu hauna mtu mbaya ndani yake, na ndiyo maana mpaka leo unanitia baridi.

Kila asubuhi mama huyu alipanda kilima kwenda mgombani kwake, akashuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Watoto walikuwa na kazi nzuri mjini. Siku moja walipokuja likizo, jirani akawauliza, "Hivi, na magari yote haya, mama yenu bado anabeba majani?"

Wakashtuka. Mama hakuwa amelalamika. Jirani ndiye aliyekuwa amesema.

Basi wakamheshimisha. Jembe likafungiwa stoo, ng'ombe akauzwa, likaletwa kochi kubwa na msichana wa kazi. Hata kanisani, mwendo wa dakika kumi, akawa anapelekwa kwa bodaboda.

Mara mbili mama alitoroka. Ndiyo, alitoroka nyumbani kwake mwenyewe! Msichana akapiga simu mjini: "Dada, bibi ametoka tena. Yuko mgombani anang'oa magugu."

Binti akaomba mama apewe simu. "Mama jamani, unatuaibisha! Watu watasema tumekutelekeza."

"Mwanangu, miguu imechoka kukaa."

"Kaa, mama. Umefanya kazi ya kutosha. Sasa kula raha."

Mama akakaa. Akala raha miaka minane.

Alipofikisha themanini wakamfanyia sherehe. Turubai, vitenge vya sare, keki ya ghorofa tatu, mshereheshaji wa kukodi. Kifunguamimba akashika kipaza sauti huku analia: "Mama yangu hajagusa jembe kwa miaka minane!" Vigelegele. Kisha, mbele ya kamera, akamvuta mama yake akamkumbatia kwa nguvu zote za mwana mwenye shukrani.

Kitu kikalia ka! Kama ukuni mkavu unaovunjiwa gotini. Mshereheshaji akanyamaza, na mnajua hao hawanyamazi.

Hospitalini daktari aliitazama picha ya eksirei, akawatazama wao. "Ameanguka wapi huyu?"

"Hajaanguka, daktari."

"Amegongwa na nini?"

Binti ndiye aliyejibu: "Tumemkumbatia."

Mbavu mbili, wapendwa. Kwa kukumbatiwa!

"Umri umekula sehemu yake," daktari akasema. "Sehemu nyingine imeliwa na kukaa. Mfupa usiopewa kazi, mwili huacha kuujenga. Kwa siku anatembea kiasi gani?"

Walijua bei ya kochi. Hilo la daktari hawakulijua.

Mwana akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nisamehe. Nimekuvunja."

Mama akavuta pumzi kwa shida. "Wewe? Mmenivunja miaka minane, baba. Leo ndiyo mmesikia mlio."

Sasa sisi. Tukiambiwa waheshimu baba yako na mama yako, sisi tunaelewa: waketishe. Tunamnyang'anya bibi ufagio, tunamnyang'anya babu ndoo, tunaita upendo. Lakini tunampumzisha nani? Mama, au macho ya jirani? Nanyi wazee wangu mnaosema "mimi sasa ni wa kuletewa," mnaletewa nini hasa? Sisemi mtwishwe tena mizigo ya majani. Muulizeni daktari mama anaweza nini, kisha mwacheni aweze. Kutembea mpaka hapa kanisani ni kitu. Kuinuka kwenye kiti bila kuvutwa ni kitu.

Hapa kwetu tuna desturi: wimbo wa mwisho, vijana husimama, wazee huambiwa wabaki wameketi. Na mimi nimelitangaza hilo madhabahuni kwa miaka sita, tena kwa sauti ya upole. Leo silitangazi. Mwenye maumivu akae, hakuna atakayemhesabu. Wengine wote, bibi zangu wa benchi la mbele mkiwamo, shikeni benchi msimame.

Na wewe uliyeketi kando ya bibi, usimvute. Mpe mkono tu, kisha subiri. Wimbo hautaanza mpaka awe amesimama.