Goti la Mfunga Mlango

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa imetoka kwa wakubwa, watoto sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata bibi yake bibi yangu alisimuliwa tu, palikuwa na Ngiri. Ngiri jike, mwenye watoto watatu na mdogo wake mmoja. Mdogo wake aliitwa Sikudhani. Waliishi wote katika shimo alilolichimba mhanga akitafuta mchwa, kisha akalihama. Maana ngiri hachimbi. Ngiri hurithi.

Ngiri wana desturi mbili, mzijue, bila hizo hadithi haiendi. Ya kwanza, ngiri hula amepiga magoti. Shingo fupi, nyasi ziko chini, atafanyaje? Hupiga magoti ya mbele, akala, akasogea kwa magoti, akala. Ya pili ni ya jioni. Wakirudi shimoni, watoto huingia kwa kichwa, puu, puu, puu. Lakini mkubwa wao huingia wa mwisho, tena kinyumenyume. Hugeuka, hupiga magoti, hurudi nyuma kidogo kidogo mpaka mwili wote uingie, na meno yake yaliyopinda yabaki mlangoni yakitazama nje. Chui akija, anakutana na meno. Huyo wa mwisho huitwa mfunga mlango.

Bi Ngiri ndiye aliyekuwa mfunga mlango. Kazi hiyo aliachiwa na mama yake, akaifanya masika na kiangazi, hakukosa hata siku moja.

Kiangazi kimoja, goti lake la kulia likaanza vituko. Asubuhi alipiga magoti ale. Alipotaka kuinuka, goti likasema ka! Likakwama. Kukunjuka halitaki, kukunjika zaidi halitaki. Maumivu yakapanda mpaka begani. Akautikisa mguu huku, akautikisa kule, ta! likaachia. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna aliyeona. Akaendelea kula.

Kesho yake likakwama tena. Siku ya tatu halikukwama, akafurahi, akasema limepona. Siku ya nne likakwama mara mbili. Goti likasema ka, Ngiri akasema kimya.

Kwa nini hakusema? Mnacheka. Nyinyi mngesema? Thubutu! Bi Ngiri aliogopa. Akisema, mlango utafungwa na nani? Na Sikudhani? Sikudhani alikuwa mwoga kupindukia. Panzi akiruka, naye huruka. Jani likianguka, yeye ameshafika shimoni. Bi Ngiri alimpenda mdogo wake, lakini kumkabidhi roho za watoto wake, hapana.

Basi akawa hatulii. Akisimama, goti linauma. Akilala, linauma zaidi. Akitembea, linauma kidogo, kwa hiyo akatembea. Akaenda, akarudi, akaenda. Watoto nyuma yake, kwata kwata kwata, mikia juu. Wakiomba kupumzika, anasema bado. Wakiuliza wanakwenda wapi, anasema mbele. Siku moja alimkuta Nyumbu njiani, Nyumbu akamwambia kuwa mguu unaouma ni mguu uliokosa mbio. Kwa Nyumbu kila ugonjwa dawa yake ni mbio. Bi Ngiri akakimbia asubuhi, akakimbia mchana. Jioni goti likavimba kama boga changa.

Aliyegundua ni Nguchiro. Nguchiro na Ngiri wana ujirani wa siku nyingi: Ngiri hujilaza, Nguchiro humtoa kupe, na kupe ndio kitoweo chake. Siku hiyo alitoa kupe wa sikioni, akatoa wa kwapani, akashuka mpaka gotini. Hapo akaacha kutafuna.

"Bi Ngiri, hapa pana moto."

"Mwiba huo."

"Mwiba hauvimbishi hivi. Goti hili halitaki mbio, wala halitaki kupigwa chini kila siku. Lipumzishe, linyooshe taratibu. Mwambie mdogo wako akusaidie."

"Wewe nimekuitia kupe au nimekuitia magoti?"

Nguchiro akarudi kwa kupe wake. Najua mnangoja niseme asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siwezi, maana Nguchiro si mkuu, na guu halikuvunjika. Lilikwama tu, na kukwama kuna ubaya wake.

Bi Ngiri akaona macho yamekuwa mengi. Nguchiro ameshajua, kesho atajua nani? Akaanza kuwapeleka wenzake malishoni mbali, ng'ambo ya korongo. Huko aliweza kwenda pembeni, nyuma ya kichaka, akahangaika kuinuka bila kuonekana. Sikudhani akauliza kwa nini waende mbali na shimo, ilhali nyasi za karibu bado zipo. Bi Ngiri akamjibu kuwa za mbali ni tamu. Zilikuwa kavu kama ufagio. Goti likasema ka, Ngiri akasema kimya.

Alasiri moja walikuwa huko huko ng'ambo. Sikudhani akaruka. Bi Ngiri akadhani ni panzi.

Hakuwa panzi. Alikuwa Chui, tumbo chini, anakuja polepole katika nyasi.

Mbio! Kutu kutu kutu, mikia juu! Korongo wakalishuka, korongo wakalipanda. Njia ilikuwa ndefu, na aliyeirefusha anajulikana. Watoto mbele, Sikudhani katikati, Bi Ngiri nyuma, mguu mmoja unagoma. Wakafika shimoni. Mtoto wa kwanza puu, wa pili puu, wa tatu puu. Sikudhani akaingia. Bi Ngiri akageuka, akampa Chui uso, akakunja magoti aanze kurudi nyuma.

Goti likasema ka!

Akatikisa huku, haliachii. Akatikisa kule, haliachii. Kuinuka hawezi, kurudi hawezi. Chui akamwona hasogei, akapunguza mwendo, kwa kuwa haraka ya nini tena? Bi Ngiri akamtazama Chui. Akawafikiria watoto watatu mle ndani, na mlango wazi baada yake. Na hapo Ngiri, aliyekuwa akisema kimya, akasema.

"Sikudhani, goti limekwama. Limekuwa likikwama kiangazi chote. Siwezi kufunga mlango."

Kisha Sikudhani akatoka. Alikuwa anatetemeka kuanzia masikio mpaka mkiani. Akapita pembeni mwa dada yake, akasimama kati yake na Chui.

"Ingia kwa kichwa, dada. Jiburute."

"Na wewe?"

"Mimi nitafunga."

Bi Ngiri akajiangusha ubavu, akajigeuza, akajiburuta kwa tumbo, mguu mmoja nyuma kama gogo. Akaingia kwa kichwa, kama mtoto. Sikudhani akamfuata kinyumenyume.

Mle ndani Bi Ngiri hakuona kitu cha nje. Kugeuka hakuweza, shimo jembamba. Alisikia tu. Kucha kwaru, kwaru, mlangoni. Akauliza Chui yuko wapi. Akauliza tena. Kwaru, kwaru. Kisha ngh'! na Chui akalia kama aliyekanyaga kaa la moto. Halafu hatua zikaenda zake.

"Umeumia?"

"Sikio. Kidogo."

"Bado unatetemeka?"

"Natetemeka. Lakini siondoki hapa."

Mwanga kidogo ulipenya juu ya mgongo wa Sikudhani. Watoto walikuwa wamelala tayari kwa uchovu, mbele ya pua ya mama yao. Mkubwa analala mdomo wazi. Wa pili amekunja pua kama anayetaka kupiga chafya. Kitinda mimba amelilalia sikio la kaka yake. Bi Ngiri akawatazama kwa muda mrefu. Tangu wazaliwe amewalinda kila siku, na kila siku amewapa mgongo. Hakujua wanavyolala. Akaona uchungu, akaona na furaha, akalia. Kisha akatulia, yeye aliyekuwa hatulii.

Sitawadanganya kwamba goti lilipona kabisa. Alilipumzisha, akalinyoosha taratibu, Sikudhani akamng'olea nyasi na kumletea mdomoni. Kukiwa na baridi hukwama bado. Likikwama, anasema, nao wanamngoja.

Basi jueni hivi, wakubwa kwa wadogo: maumivu unayoyaficha hayabaki kwako, huwafikia wale unaowalinda. Sema mapema. Na mlango mwachie mwenzio, hata kama anatetemeka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na hapa kwetu, anayeumwa goti aseme sasa, tumsogezee kigoda.