Mwanasesere Ambaye Hadira Hakumtundika

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Rumi ya kale aliishi mjakazi aitwaye Hadira, mwenyeji wa Tadmur, mji wa mbali jangwani, miongoni mwa waliomwamini Mwenyezi Mungu kwa mafundisho ya Nabii Isa, amani iwe juu yake. Alitekwa akamwacha binti yake ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Miaka saba ilipita, na kila alipoonja kitu kitamu alijiuliza mwanawe amekula nini.

Warumi walikuwa na sikukuu ya njia panda. Kila nyumba ilitundika hapo wanasesere wa sufu kwa idadi ya waungwana wake, na madonge matupu ya sufu kwa idadi ya watumwa. Maskini mtumwa, hata uso wa sufu hakustahili! Kisha waliiomba mizimu iwalinde.

Mwaka huo bibi aliyemmiliki, Vibia, ajuza aliyekwisha kupofuka, alimwita asubuhi.

"Hadira, leo jitundikie mwanasesere kama muungwana. Iombe mizimu, kisha nitakuacha huru urudi kwa mwanao."

Hadira alimshona mwanasesere huku machozi yakimtoka. Alipofika njia panda, mikono ikagoma. Mpishi wa nyumba, aliyefuatana naye, akamnong'oneza, "Dada, rudi useme umetundika. Kipofu atajuaje?"

Wallahi, nafsi yake iliyapenda maneno yale. Akarudi, akapiga magoti.

"Umetundika?" akauliza Vibia.

"Sikutundika, Bibi. Simwombi asiyekuwa Mola wangu."

Ajuza akauliza, "Na nikikuacha uende, utarudi siku moja kunitazama?"

Hadira alijua jibu linalotakiwa. Alimhurumia bibi yule, na alikuwa akiitamani Tadmur mpaka mifupa inamuuma.

"Hapana, Bibi. Nikimshika mwanangu, sitamwachia tena."

Vibia akalia. "Wote niliowaacha huru waliapa kwamba watarudi," akasema. "Nikawa nikisikia mlango, nadhani ni wao. Wewe nenda, mwanangu. Wewe sitakungoja."

Hadira akambusu mikono, akatoka saa ile ile, hata mkate wa njiani hakuungoja.

Ndugu zangu, ukweli usio na gharama hata mnafiki huusema. Mola atujaalie ule unaosemwa na mwenye kiu, maji yakiwa mbele yake.