Mafuta ya Kicheche

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kwa kicheko. Itikeni tena, polepole, maana ngano ya leo inaniuma hata mimi. Paukwa!

Pakawa.

Hapo zamani za kale, Kicheche aliuza mafuta ya kupaka watoto. Yalinukia, na mtoto aliyepakwa aling'aa. Digidigi, mjane mwenye mtoto mmoja aitwaye Tunu, aliyatamani lakini hakuwa na kitu. Akawaomba majirani tone moja tu. Swala akakataa, Ngiri akakataa, Pundamilia akakataa.

Siku moja watoto wa Tumbili waliamka hawaoni. Mbiu ikapigwa kisimani: "Mafuta ya Kicheche yanapofusha watoto! Yamwageni!" Kicheche mwenyewe alikwishatoroka. Digidigi hakuisikia mbiu, alikuwa nyumbani akimuuguza Tunu homa.

Wale majirani watatu walirudi kwao kutoka kisimani, wakatazama vibuyu. Mafuta bado yamo! Roho ikawauma kuyamwaga. Lo, roho gani hizo?

Swala akabisha hodi kwa Digidigi. "Mama Tunu, pokea. Sisi yametutosha."

Ngiri akabisha hodi. "Mama Tunu, pokea. Sisi yametutosha."

Pundamilia akabisha hodi. "Mama Tunu, pokea. Sisi yametutosha."

Digidigi akalia kwa furaha. "Jamani, kumbe mnanipenda! Mungu awazidishie." Wakaitikia amina, wakaenda zao.

Akampaka Tunu asubuhi, akampaka mchana, akampaka jioni. Mtoto akang'aa kweli. Siku ya tatu, jua limeshapanda, Tunu akauliza, "Mama, mbona leo hakuchi?"

Majirani wakaja kutoa pole. Tumbili naye akaja, akaviona vibuyu vitatu pembeni. "Mama Tunu! Mbiu ilipigwa kisimani kwamba mafuta haya yanapofusha. Hukusikia?"

"Sikusikia," Digidigi akasema. Akawageukia wale watatu. "Na nyinyi, jirani zangu, mliisikia?"

Swala akatazama chini, Ngiri akatazama chini, Pundamilia akatazama chini.

Tunu akapapasa mpaka akaushika mkono wa mama yake. "Mama, ni wale waliotuletea mafuta? Waambie asante."

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Digidigi. Mwenye jibu la kumpa Tunu na ampe. Mimi nimelikosa.